Kuhamisha Mashua kutoka Lamu hadi Pangani: Safari Iliyohesabiwa kuanzia Mwisho

Kuhamisha chombo cha tanga kutoka bandari moja hadi nyingine, bila shehena wala abiria, ni safari ya aina yake katika ubaharia wa pwani, kwa sababu chombo chenyewe ndicho mzigo, na mabaharia wanaokiendesha mara nyingi ni wageni kwake. Mvuvi huijua mashua yake kwa miaka, akajua inavujia wapi na inakataa upepo gani, ilhali msafirishaji hukabidhiwa chombo asichowahi kukishika usukani, akatajiwa bandari kinakotakiwa na, kwa kawaida, tarehe ambayo mnunuzi angependa kukiona kimefika. Masimulizi haya yanahusu mashua moja ya mbao, yenye urefu wa takriban futi 30 na mlingoti mmoja, iliyonunuliwa Lamu na mtu wa Pangani, ikapelekwa kwake wakati wa kaskazi na nahodha na mabaharia watatu, mwandishi akiwa mmoja wao. Mambo mengi ya safari hiyo yalitokana na kanuni moja ambayo nahodha aliishikilia tangu siku ya kwanza: katika pwani hii mpangaji huanza kwa kuuliza chombo kitaingia katika kila mlango saa ngapi na kwa maji gani, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi aipate saa ya kung'oa nanga, ambayo hujulikana mwisho kabisa.

Swali la msimu lilijibiwa mapema. Kaskazi, yaani pepo za kaskazini-mashariki zinazovuma kuanzia Desemba hadi Machi, humsukuma anayeshuka kusini, na kusi, inayotawala tangu Aprili au Mei hadi Septemba hivi, humrudisha. Katika msimu wa 1938 hadi 1939, Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri ndani ya jahazi la Kuwait lililoshuka kwa kaskazi hadi delta ya Rufiji kutafuta boriti za mikoko, na mnamo Januari 2019 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyookotwa, liliteremka kwa upepo huohuo hadi Zanzibar. Chombo chenye tanga la pembe tatu hakikatazwi kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda mshazari huku na huku, lakini kubisha kwa umbali wote huo katika mashua isiyozoeleka ni kuichosha mashua na kuwachosha watu bila sababu.

Mkondo ndio ulioleta utata, maana katika pwani hii haukubaliani na upepo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huweza kufikia maili 4 za bahari kwa saa, maili moja ya bahari ikiwa ni mita 1,852, na wakati wa kaskazi hupungua hadi maili moja au chini ya hapo, ingawa hauachi kwenda. Upande wa Somalia, kinyume chake, maji hugeuka na kaskazi yakateremka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana mahali fulani katika bahari ya kaskazini mwa Kenya, kisha ikaelekea pamoja bahari kuu. Kwa hiyo anayetoka Lamu mnamo Januari huweza kusaidiwa na maji mwanzoni, kisha akapingwa nayo njia yote iliyobaki, huku upepo ukiwa nyuma yake. Upepo unaoelekea kusini juu ya maji yanayoelekea kaskazini huzaa mawimbi mafupi yenye migongo mikali, ambayo huitikisa mashua kuliko mawimbi makubwa marefu ya kusi. Karibu na mwamba mkondo hupungua, na hapo mpangaji hujikuta kati ya mambo mawili yanayopingana, kwa sababu usiku hakuna nahodha mwenye akili timamu anayeukaribia mwamba ili aokoe nusu maili ya mwendo.

Mwamba huo unastahili maelezo zaidi. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imezungushiwa ukingo wa matumbawe unaokatika mahali pachache tu, hasa panapotoka mito na hori, na mikato hiyo ndiyo inayoitwa milango. Nje ya mwamba kina hushuka ghafla, hivi kwamba bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za pima, haimpi baharia onyo la maana: hutupwa isifike chini, na dakika chache baadaye chombo kiko juu ya mawe. Onyo la kuaminika ni rangi ya maji, kwani maji marefu ni ya buluu iliyokoza, mchanga wenye maji mafupi huonekana kijani chepesi, na matumbawe huonekana kama madoa ya kahawia. Rangi hizo huonekana tu jua likiwa juu na nyuma ya mtazamaji. Kwa kuwa pwani hii inatazama mashariki, anayeingia mlangoni huelekea magharibi, na kwa hiyo alasiri jua humpiga machoni na bahari yote mbele yake hugeuka bati linalomeremeta. Mlango huingiwa asubuhi, kati ya saa tatu na saa sita, na anayetaka kuwa mlangoni asubuhi akitoka mbali hana budi kulala baharini.

Sharti la pili ni maji. Hekima ya kawaida ni kuingia maji yakiwa yanajaa, ili chombo kikigusa chini kinyanyuliwe na maji yaleyale yaliyokileta; anayegusa maji yakipwa hukaa hapo saa nyingi akisubiri, na mawimbi hayasubiri pamoja naye. Katika bandari za pwani hii, tofauti kati ya maji makubwa na madogo wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kupita kiasi, hupita mita 3, na saa za kujaa kwa bamvua hazibadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi: ni kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Hii ina maana kwamba asubuhi ya bamvua, saa ileile ambayo macho yanaona vizuri zaidi, maji yako chini kabisa. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi ambapo bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo, yana tabia tofauti, kwa sababu hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa nyuma ya mwenye kuingia na mikondo ya mlangoni ikiwa dhaifu. Wageni wengi huyadharau maji mafu kwa sababu ya jina lake. Kwa anayehamisha chombo kidogo ndiyo siku zenye thamani kuliko zote.

Nusu mwezi huja mara mbili, na uchaguzi kati ya hizo mbili ulimfurahisha nahodha kuliko jambo jingine lolote katika mpango huo. Mwezi wa siku ya 7 huwaka jioni na kutua kati ya usiku, ukawaacha mabaharia gizani katika saa wanazoukaribia mwamba. Mwezi wa siku ya 22 huchomoza karibu na usiku wa manane, ukawamulika hadi alfajiri. Mashua ilitakiwa iwe mlangoni Kilifi, kituo chake cha kwanza, asubuhi ya siku ya 22 ya mwezi, kwenye saa nne maji yakiwa yanakaribia kujaa. Kutoka Lamu hadi Kilifi ni takriban maili 100 za bahari, na kwa mwendo wa maili 4 na kidogo kwa saa safari hiyo ni ya usiku na mchana. Kwa hesabu hiyo nanga ya Lamu ingeng'olewa siku ya 21 saa tatu asubuhi, na jedwali la maji likaonyesha kwamba saa hiyohiyo bahari ya Lamu ingekuwa imejaa na kuanza kupwa, ikaitoa mashua nje bila jasho.

Hata hivyo, mwisho wa safari ulikuwa Pangani, na Pangani ina sheria yake. Mji huo uko kwenye mdomo wa mto, na mbele ya mdomo pana fungu, yaani ukuta wa mchanga ulio chini ya maji unaojengwa na mto na bahari kwa pamoja. Hapo hakuna matumbawe ya kutazamwa. Linalohitajika ni kina, kwa kuwa mashua inayokula maji futi 3 na nusu huhitaji zaidi ya hizo inaposhuka katika bonde la wimbi. Maji mafu yanayofaa Kilifi na Shimoni, kituo cha pili, hayafai hapo, na bamvua inayojaa saa kumi alasiri, ambayo ingekuwa balaa kwenye mlango wa matumbawe, ndiyo inayotakiwa. Mpango ukawa na sehemu mbili zilizotenganishwa na mwezi: kushuka hadi Tanga kwa maji mafu, kungoja hapo bamvua ya mwezi mwandamo, kisha kumalizia kipande kifupi hadi Pangani. Mnunuzi, ambaye alikuwa ameomba chombo kifike kabla ya harusi ya ndugu yake, alipelekewa hesabu hii kwa simu, naye akajibu kwa adabu kwamba harusi ina tarehe na maji hayana. Nahodha alimjibu, kwa adabu ileile, kwamba ni kinyume chake.

Siku za kusubiri mwezi ufike zilitumika kwa mashua yenyewe, ambayo ilikuwa imekaa juu ya mchanga huko Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo katika kisiwa cha Lamu. Chombo cha mbao kinachokaa nchi kavu hukauka na viungo vyake hufunguka, na hata kikitiwa kalafati mpya, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kupigwa ndani ya nafasi za mbao kwa nyundo na patasi butu, bado huhitaji kukaa majini siku kadhaa ili mbao zivimbe zibane. Usiku wa kwanza majini mashua hii ilijaa hadi mapajani mwa aliyekuwa akifua maji, yaani akiyachota kutoka ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Usiku wa tatu ndoo chache zilitosha. Jambo jingine lilikuwa farumi. Mashua tupu hukaa juu mno na hulewa kila upepo unapolishika tanga, na kwa sababu haikuwa na shehena ilitiwa magunia ya mchanga, yakalazwa chini na kuzuiwa kwa mbao yasihame upande mmoja. Jarari, kamba inayopandisha foromali ambayo ndiyo boriti inayobeba tanga, ilibadilishwa yote, kwani kamba ya zamani ilikuwa imeliwa na kapi mahali ambapo mtu aliyesimama chini haoni.

Hati nazo zina uzito wake, ingawa zinachosha kuzisimulia. Mashua iliyouzwa kutoka Kenya kwenda Tanzania ni chombo kinachosafiri na pia ni bidhaa inayovuka mpaka, kwa hiyo ilihitaji hati ya mauziano, cheti cha usajili, orodha ya mabaharia na kibali cha kuondoka bandarini, na tena cheti cha asili ya bidhaa, ambacho chini ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, huthibitisha kwamba kitu kilitengenezwa ndani ya jumuiya. Anayekisahau cheti hicho hukumbushwa na forodha kwa lugha ya fedha.

Mashua iliondoka Shela, hukohuko Lamu, kama ilivyohesabiwa. Mlangoni, maji ya kupwa yalipokutana na upepo, kulikuwa na mawimbi ya wima yaliyolowesha kila kitu ambacho hakikufunikwa, na baada ya hapo bahari ikanyooka. Tatizo la mchana huo lilikuwa ghuba ya Ungwana, ambako mto Tana humwaga matope yake karibu na Kipini na ambako sakafu ya bahari haishuki ghafla kama kwingine. Hapo bildi ilirudishiwa heshima yake. Kitako chake hupakwa shahamu ili kichukue sampuli ya chini, na jua lilipokuwa linatua baharia wa omo, yaani wa mbele ya chombo, aliivuta akakuta pima 8 na tope laini la kahawia limeganda kwenye shahamu, alilisugua kati ya vidole, akalinusa, akasema neno moja tu, “Tana.” Nahodha akaelekeza mashua nje zaidi, hadi bildi iliporudi bila tope.

Usiku huo kosa la hesabu lilijitokeza kwa upande usiotarajiwa, maana mashua ilikwenda upesi mno. Mkondo ulikuwa umeisaidia hadi mbali kuliko ilivyodhaniwa, na mwezi ulipochomoza taa za Malindi zilikuwa tayari zimeonekana upande wa nchi kavu. Kufika mapema mbele ya mwamba ni hatari sawa na kuchelewa, kwa sababu chombo kinachongoja gizani husukumwa na upepo kuelekea pale kinapopaogopa. Tanga kubwa likateremshwa na kuwekwa dogo, kazi ambayo katika mashua ya namna hii humaanisha kushusha foromali nzima, kufungua tanga moja na kufunga jingine huku chombo kikiyumba bila mwendo. Mpaka alfajiri mashua ilijikokota nje ya Watamu, ikipishana na ngalawa za wavuvi zisizo na taa, ambazo zilijulisha uwepo wao kwa kelele za watu na mwanga wa tochi za simu.

Mlango wa Kilifi uliingiwa saa nne kasoro, mtu mmoja akiwa amepanda juu ya mlingoti na kuonyesha njia kwa mkono, kwani sauti haisikiki vizuri kutoka huko. Mawimbi yalivunjika pande zote mbili, kulia na kushoto, na kati yake palikuwa na njia ya buluu isiyo na shaka yoyote. Inatosha kusema kwamba aliyeiona saa hiyo angeweza kuiingia bila ramani, na kwamba watu haohao walipoitazama kutoka ufukweni alasiri ya siku hiyo hawakuweza kukubaliana iko wapi.

Kipande cha Kilifi hadi Shimoni, cha takriban maili 70, kilianza alasiri ya siku iliyofuata na kilikuwa kigumu zaidi. Mkondo wa kaskazini ulikuwa umejipata, na nje ya Mombasa, ambako taa za meli kubwa zinazongoja zamu ya bandari ya Kilindini huonekana kama mtaa uliohamia baharini, kaskazi iliyokaza dhidi ya maji ilijenga yale mawimbi mafupi yaliyotabiriwa. Wimbi la nyuma hunyanyua tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na kukigeuza upande, na usukani usiporekebishwa mara moja upepo hulipata tanga kwa upande wa pili na foromali hurushwa kwa nguvu inayoweza kuuvunja mlingoti. Kwa sababu hiyo zamu za usukani zilifupishwa, na nahodha alikataa katakata pendekezo la kusogea karibu na mwamba ili kuukwepa mkondo. Kwa maoni ya mwandishi uamuzi huo, uliogharimu saa mbili, ndio uliokuwa bora kuliko yote katika safari. Mashua ilifika mbele ya kisiwa cha Wasini, kinachoikabili Shimoni, saa tano badala ya saa tatu, lakini siku hiyo ya 24 ya mwezi maji yalikuwa bado yanajaa, kwa kuwa saa za kujaa husogea mbele kila siku kwa dakika 50 au zaidi, na nafasi hiyo ilikuwa imeachwa kwa makusudi.

Shimoni kuna ofisi za uhamiaji na forodha, na hapo mashua ilitoka rasmi Kenya. Tanga ilifikiwa kwa safari ya mchana mmoja, kupitia ghuba pana yenye maboya na kisiwa cha Ulenge chenye mnara wa taa, ambapo jua la alasiri si kikwazo kwa anayefuata maboya. Afisa wa bandari aliuliza kwanza kibali cha kuondoka cha bandari ya mwisho, kisha cheti cha asili ya bidhaa, na vyote viwili vilikuwepo. Siku za kungojea bamvua hazikupotea, kwani tanga lilishonwa pale liliposuguana na mlingoti, na magunia mawili ya farumi yaliyopasuka yalibadilishwa.

Siku ya bamvua mashua ilitoka Tanga saa tatu asubuhi na maji ya kupwa, ikashuka na kaskazi maili 25 hivi, na saa tisa ilikuwa mbele ya mdomo wa mto Pangani. Mvuvi mmoja wa hapo alikuja na dau lake kuwa rubani, akiwaita mabaharia wote “wajomba” na kuwahimiza waharakishe, kwa sababu maji yakishageuka mto hutoka kwa nguvu dhidi ya upepo wa bahari na fungu huanza kuvunja mawimbi. Alilenga mahali ambapo hapakutofautiana na penginepo kwa macho ya mgeni, karibu na upande wa Bweni, ng'ambo ya mji, na katikati ya fungu bildi ilisoma pima moja na nusu, yaani futi 9. Dakika chache baadaye maji yakawa marefu na tulivu, na upande wa kulia ukaonekana mji. Harusi ilikuwa imepita siku nne kabla. Mnunuzi aliipokea mashua, akaikagua ngama kwa tochi, akahesabu makasia, akatia sahihi. Na mabaharia walirudi kwa basi, kwa kuwa aliyetaka kurudi Lamu kwa tanga angelazimika kuingoja kusi hadi Aprili.